Kuhamia mji wa pwani Uingereza: Kodi nafuu si sababu ya kutosha

WATANZANIA na Wakenya wanaopata kazi ya uuguzi, nafasi ya masomo au ruhusa ya kuungana na familia zao nchini Uingereza hukutana mapema na swali moja: waishi wapi? Kwa wengi jina linalokuja kwanza ni London, lakini kodi ya nyumba katika jiji hilo humtisha hata mwenye mshahara mzuri. Ndipo macho huelekezwa kwenye miji ya pwani, ambako chumba huweza kupatikana kwa bei nafuu zaidi na bahari iko mwisho wa mtaa.

Kwa mtu aliyezaliwa Tanga, Mombasa au Unguja, wazo hilo lina mvuto wa pekee. Hata hivyo, pwani ya Uingereza si kitu kimoja. Ina majiji makubwa yenye bandari, vyuo vikuu na hospitali za rufaa, ina miji ya starehe iliyochoka, na ina vijiji ambavyo nyumba zake zinaliwa na mawimbi. Tofauti kati ya mahali pamoja na pengine ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za matangazo ya nyumba.

Kanuni inayosaidia kuchagua ni nyepesi kuieleza, ingawa wengi huisahau: kodi inapokuwa ndogo sana, kuna kitu mji huo umekosa. Kazi ya anayehamia ni kukijua kitu hicho kabla ya kusaini mkataba, kisha kujiuliza kama anaweza kuishi bila hicho.

Kwa nini pwani iwe rahisi?

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, nyumba iliyo karibu na bahari kwa kawaida ni ghali. Nchini Uingereza mambo huweza kuwa kinyume, na sababu yake iko katika historia.

Miji mingi ya pwani ilikua katika karne ya 19 kutokana na reli. Blackpool, iliyoko kaskazini magharibi mwa England, ilifikiwa na reli mwaka 1846, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire wakaanza kumiminika huko wakati wa likizo. Mnara wake maarufu ulifunguliwa mwaka 1894. Maelfu ya nyumba za wageni zilijengwa kwa ajili yao, na mji mzima ukaishi kwa kutegemea fedha za msimu wa joto.

Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, safari za ndege za bei nafuu zilianza kuwapeleka Waingereza Hispania, ambako jua ni la uhakika. Nyumba za wageni zikabaki tupu. Wenye nyumba wengi wakazigawa vyumba vidogo vidogo na kuvipangisha kwa watu wenye kipato duni, wakiwemo waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali. Umaskini uliokuwa umetawanyika sehemu nyingine ukakusanyika katika mitaa michache ya pwani.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za serikali. Kijiji cha Jaywick, karibu na mji wa Clacton katika jimbo la Essex, kilitajwa kuwa eneo lenye dhiki kuliko yote England katika vipimo vya mwaka 2010, 2015 na 2019. Katika kipimo hicho cha mwaka 2019, mitaa minane kati ya kumi iliyokuwa na hali mbaya zaidi ilikuwa Blackpool.

Suala hilo lilifika hadi bungeni. Mwezi Aprili 2019 kamati ya Baraza la Mabwana ilitoa ripoti kuhusu mustakabali wa miji ya pwani, ikieleza jinsi usafiri duni, uchumi wa kutegemea msimu, makazi mabovu na elimu hafifu vinavyoifunga miji hiyo katika hali moja.

Hiyo haimaanishi kwamba pwani yote ni maskini. Sandbanks, katika mji wa Poole, ni miongoni mwa maeneo yenye nyumba ghali zaidi nchini humo. Brighton nayo ina kodi inayokaribia ile ya London. Jambo la kuzingatia ni kwamba neno “pwani” peke yake halimwambii mpangaji chochote.

Aina tatu za miji

Kwa anayetaka kuchagua, ni rahisi kuigawa pwani hiyo katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni majiji ambayo yangekuwepo hata kama kusingekuwa na mtalii hata mmoja. Southampton ni bandari kubwa. Meli ya Titanic iliondoka hapo Aprili 10, 1912, na mpaka leo meli za kitalii na za mizigo huitegemea. Portsmouth na Plymouth zina kambi za Jeshi la Wanamaji. Cardiff ni mji mkuu wa Wales. Aberdeen imekuwa kitovu cha mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Newcastle iko kilomita chache kutoka baharini, lakini treni zake za mjini, zilizoanza kazi mwaka 1980, huwafikisha wakazi kwenye fukwe za Tynemouth, Whitley Bay na South Shields. Majiji yote hayo yana vyuo vikuu na hospitali kubwa.

Kundi la pili ni miji iliyo karibu na London kiasi kwamba mtu anaweza kulala pwani na kufanya kazi katika jiji hilo. Brighton, Southend, Hastings na Margate zimo katika kundi hili, ingawa Brighton, iliyoungana na Hove na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2000, ina uchumi wake pia pamoja na vyuo vikuu viwili.

Kundi la tatu ni miji ya mapumziko iliyo mbali na jiji lolote kubwa: Scarborough, Skegness, Great Yarmouth, Newquay na mingine ya aina hiyo. Hii ndiyo hupendeza zaidi mwezi Julai, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi kwa mgeni anayeanza maisha.

Kazi kwanza, kisha ufukwe

Kwa mhamiaji kutoka Afrika Mashariki, kipimo cha kwanza ni kazi, na hasa aina ya viza inayoambatana nayo.

Miji ya pwani ina wastaafu wengi, hivyo ina nyumba nyingi za kutunzia wazee. Kwa muda fulani nyumba hizo ziliajiri watu wengi kutoka nje. Njia hiyo sasa imebanwa. Tangu Machi 11, 2024, wahudumu wa wazee hawaruhusiwi kuja na wenza wala watoto wao, na tangu Julai 22, 2025, maombi mapya ya wahudumu hao kutoka nje ya Uingereza yamefungwa. Wauguzi waliosajiliwa hawakuguswa na hatua hizo. Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 kuhusu ajira za wauguzi na wahudumu wa afya.

Kwa wataalamu wa fani nyingine, kiwango cha jumla cha mshahara kinachohitajika ili kupata viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa hadi paundi 41,700 kwa mwaka kuanzia Julai 2025, ingawa baadhi ya kazi zina viwango vyake. Katika miji midogo ya pwani, ambako ajira nyingi ni za hoteli, migahawa na maduka, mishahara ya kiasi hicho ni nadra.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwenye tangazo la kazi. Mwenye viza ya aina hii amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Kazi hiyo ikikoma, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka nchini. Katika jiji kama Southampton au Newcastle, muuguzi anaweza kubisha hodi kwenye hospitali na kliniki nyingi bila kuhama nyumba wala kumwondoa mtoto shuleni. Katika mji wenye waajiri wawili au watatu tu, siku 60 hupita haraka.

Kwa sababu hiyo, swali la kujiuliza kuhusu mji si kama kuna kazi, bali ni kama kuna kazi ya pili, endapo ya kwanza itapotea.

Wanafunzi nao wana hesabu yao. Wengi wanaosoma shahada wanaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Katika mji wa kitalii, kazi hizo hupatikana kwa wingi kati ya Aprili na Septemba, kisha hupungua sana majira ya baridi, wakati ambapo bili ya umeme na gesi ndiyo hupanda.

Kivuli cha Morecambe

Wale wanaoahidiwa kazi za vibarua na mawakala wasiojulikana wanapaswa kukumbuka tukio la ghuba ya Morecambe, kaskazini magharibi mwa England. Usiku wa Februari 5, 2004, wafanyakazi wasiopungua 21 kutoka China, waliokuwa wakiokota kome kwenye mchanga kwa malipo duni, walikufa baada ya maji kujaa na kuwazingira. Hawakuijua bahari ile, na aliyewapeleka hakujali.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimu mawakala wanaosambaza vibarua katika kilimo na uvuvi kuwa na leseni. Leseni hiyo inaweza kukaguliwa na mtu yeyote kwa njia ya intaneti, na ni busara kuikagua kabla ya kulipa hata nauli.

Ramani hudanganya, ratiba ya treni haidanganyi

Kipimo cha pili ni usafiri. Umbali kwa kilomita hauelezi mengi, kwa kuwa reli nyingine ni za kasi na nyingine hupinda na kusimama kila kituo.

Kutoka Brighton hadi kituo cha Victoria jijini London ni mwendo wa takriban saa moja. Southend nayo ni kama saa moja hadi kituo cha Fenchurch Street. Margate, iliyoko mbali zaidi, hufikiwa kwa saa moja na nusu kwa treni za kasi za kituo cha St Pancras. Hastings haiko mbali sana na London kwenye ramani, lakini safari huchukua saa moja na nusu au zaidi. Bournemouth na Cardiff ni takriban saa mbili, Blackpool na Plymouth saa tatu au zaidi, Penzance saa tano, na Aberdeen karibu saa saba.

Anayepanga kufanya kazi London na kulala pwani anapaswa kuongeza gharama ya tiketi ya mwaka kwenye kodi ya nyumba kabla ya kulinganisha. Mara nyingi faida iliyoonekana kwenye kodi huishia kituoni.

Vilevile, reli yenyewe inaweza kukatika. Mwezi Februari 2014 dhoruba ilibomoa ukuta wa bahari katika mji wa Dawlish na kuacha mataruma yakining'inia hewani. Reli hiyo, ambayo ndiyo njia kuu ya treni kuelekea Plymouth na Cornwall, ilifungwa kwa takriban miezi miwili. Ukuta mpya mrefu zaidi umejengwa tangu wakati huo.

Mkataba wa nyumba

Kipimo cha tatu ni nyumba, na hapa sheria hutofautiana kati ya England, Wales na Scotland.

Huko England, mwenye nyumba analazimika kuhakikisha kuwa mpangaji ana haki ya kuishi nchini. Ukaguzi huo haupo Wales wala Scotland. Fedha za amana katika England hazipaswi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake haijafika paundi 50,000 kwa mwaka. Scotland kikomo ni kodi ya miezi miwili. Katika England na Wales, amana ya mpangaji wa kawaida inatakiwa iwekwe kwenye mfuko uliothibitishwa na serikali ndani ya siku 30. Mwenye nyumba akishindwa kuonyesha mfuko huo, hiyo ni dalili mbaya.

Wageni wengi, kwa kukosa historia ya mikopo nchini humo, wamekuwa wakitakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sheria ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 kwa ajili ya England inazuia kudai malipo ya awali yanayozidi mwezi mmoja na kufuta utaratibu wa kumwondoa mpangaji bila sababu. Sehemu hizo zilipangiwa kuanza Mei 1, 2026.

Kuna pia kodi ya halmashauri, ambayo mkazi huilipa kando ya kodi ya pango. Katika England kila nyumba imepangwa katika daraja kuanzia A hadi H kulingana na thamani yake ya mwaka 1991, na kila halmashauri hupanga kiwango chake. Nyumba inayokaliwa na wanafunzi wa muda wote peke yao husamehewa. Anayelinganisha miji miwili asisahau kuuliza daraja la nyumba.

Nyumba nyingi za pwani ni za zamani, zilizojengwa kwa ajili ya wageni wa majira ya joto. Upepo wa bahari hupenya madirishani, na unyevu huleta kuvu kwenye kuta. Kila nyumba inayopangishwa England na Wales hutakiwa kuwa na cheti cha matumizi ya nishati, na isipokuwa kwa misamaha maalumu haipaswi kuwa chini ya daraja E. Chumba cha bei ya chini chenye daraja E kinaweza kumgharimu mpangaji zaidi, mwezi Januari, kuliko chumba cha bei ya juu chenye daraja C.

Katika baadhi ya miji tatizo ni kwamba nyumba zenyewe hazipatikani. Matajiri kutoka majiji makubwa hununua nyumba za mapumziko na kuziacha tupu miezi mingi, au huzipangisha kwa watalii kwa siku. Wakazi wa St Ives, Cornwall, walipiga kura mwaka 2016 na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono kuzuia nyumba mpya kuuzwa kwa watu wasioishi hapo. Wakazi wa Whitby walifuata mkondo huo mwaka 2022. Mgeni anayepata nyumba nzuri ya bei nafuu Cornwall mwezi Oktoba anapaswa kusoma tarehe ya mwisho wa mkataba, kwa maana huenda akatakiwa kutoka kabla watalii hawajarudi.

Daktari yuko wapi?

Mwezi Julai 2021, Profesa Chris Whitty, Mganga Mkuu wa England, alichapisha ripoti yake ya mwaka iliyohusu afya katika jamii za pwani. Alieleza kuwa wakazi wa maeneo hayo wana mzigo mkubwa wa magonjwa, lakini wana upungufu wa watumishi wa afya: madaktari bingwa pungufu kwa asilimia 15 na wauguzi pungufu kwa asilimia 7.4 kwa kila mgonjwa, wakilinganishwa na maeneo mengine.

Takwimu hizo zina pande mbili. Kwa muuguzi anayetafuta kazi, upungufu ni fursa. Kwa mama mjamzito, au familia yenye mtoto mgonjwa, ni tahadhari. Kabla ya kuhama ni vema kujua hospitali yenye wodi ya wazazi na kitengo cha dharura iko umbali gani, na kama kliniki ya mtaani bado inapokea wagonjwa wapya. Daktari wa meno wa huduma ya umma ni mgumu kumpata katika miji mingi ya pwani.

Dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi Wales tangu 2007 wala Scotland tangu 2011, ilhali England kila dawa moja ilifikia paundi 9.90 mwezi Mei 2024, kukiwa na misamaha kwa watoto, wazee na baadhi ya wagonjwa. Kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu usiokuwa kwenye orodha ya misamaha, tofauti hiyo ina uzito.

Majirani na historia

Mtu haishi na nyumba, huishi na watu. Baadhi ya miji ya pwani ya Uingereza imezoea wageni kwa zaidi ya karne moja, na iliyo mingi kati ya hiyo ni ile ya bandari.

Mtaa wa Butetown, Cardiff, umekuwa na Wasomali tangu karne ya 19, walipokuja kama mabaharia wa meli za makaa ya mawe. South Shields ilipokea mabaharia wa Yemen katika kipindi hicho, na mwaka 1977 bondia Muhammad Ali alifika katika msikiti wa mji huo ndoa yake ikaombewe baraka. Liverpool ilikuwa na msikiti tangu 1889.

Portsmouth nayo ina kumbukumbu ya Zanzibar. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Januari 12, 1964, aliishi kwa zaidi ya nusu karne katika kitongoji cha Southsea, hatua chache kutoka baharini, hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Alifariki dunia huko Desemba 30, 2024.

Upande wa pili wa mambo usifichwe. Baada ya wasichana watatu kuuawa kwa kisu mjini Southport, Julai 29, 2024, habari za uongo kuhusu muuaji zilienea na vurugu dhidi ya wahamiaji na Waislamu zikazuka katika miji kadhaa, ikiwemo Sunderland, Hull, Middlesbrough, Plymouth na Blackpool. Huko Southport kwenyewe, wakazi na mafundi walijitokeza muda mfupi baadaye kuujenga upya ukuta wa msikiti uliobomolewa. Agosti 7, maelfu ya watu walijaa mitaani Brighton na kwingineko kupinga vurugu hizo.

Kwa hiyo mji hauwezi kuhukumiwa kwa siku moja, nzuri wala mbaya. Kinachoweza kupimwa ni mambo ya kila siku: kama kuna kanisa au msikiti, kama duka la karibu linauza unga wa sembe na nyama halali, kama shule ina watoto wa asili mbalimbali. Mambo hayo hupunguza upweke, ambao kwa wageni wengi huwa mzito kuliko baridi.

Bahari ile si hii

Mwishowe, kuna bahari yenyewe. Maji ya pwani ya kusini hufikia nyuzi joto 17 au 18 mwishoni mwa majira ya joto, na hushuka hadi karibu nyuzi nane wakati wa baridi. Ufukwe wa Brighton ni wa kokoto. Wa Bournemouth ni wa mchanga. Southend na Weston-super-Mare maji hupwa mbali sana na kuacha tope linaloweza kumnasa mtu. Katika mlango wa mto Severn, tofauti ya kupwa na kujaa ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani.

Hali ya hewa hutofautiana pia. Pwani ya magharibi hupata mvua nyingi. Eneo la Southend ni miongoni mwa makavu zaidi nchini. Eastbourne, ya kusini, ndiyo yenye rekodi ya Uingereza ya mwezi wenye jua jingi, saa 383.9 za Julai 1911. Aberdeen mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama yapata saa tisa na nusu alasiri. Kwa aliyezoea mchana wa saa 12, giza hilo si jambo dogo.

Bahari hiyo pia inapanda nchi kavu. Mafuriko ya Bahari ya Kaskazini ya usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 yaliua zaidi ya watu 300 England. Katika kijiji cha Hemsby, Norfolk, nyumba kadhaa zimebomolewa kutokana na mmomonyoko, zikiwemo za mwaka 2013, 2018 na 2023. Mpangaji anaweza kuhama. Mnunuzi hubaki na nyumba isiyouzika wala kukubaliwa na kampuni za bima. Serikali imeweka kwenye intaneti huduma ya bure inayoonyesha hatari ya mafuriko ya kila anwani England kwa kutumia namba ya posta.

Namna ya kuamua

Vipimo hivyo vikiunganishwa, picha huanza kuonekana.

Muuguzi mwenye familia hupata usalama zaidi katika majiji yenye hospitali za rufaa, kama Southampton, Portsmouth, Plymouth, Cardiff au Newcastle. Kodi huko si ndogo kuliko zote, lakini kazi ya pili ipo.

Mwanafunzi anayebana matumizi ana nafasi nzuri Newcastle, Liverpool au Hull kuliko Brighton, labda kozi anayoitaka iwe Brighton pekee. Anayelazimika kufika London mara mbili au tatu kwa wiki alinganishe Southend na Margate, akihesabu nauli na kodi kwa pamoja. Anayefanya kazi kwa njia ya intaneti ana uhuru zaidi, ila apime kasi ya mtandao ndani ya nyumba yenyewe na si kwenye tangazo.

Miji ya mapumziko iliyo mbali humfaa zaidi mtu ambaye tayari ana haki ya kudumu ya kuishi nchini, ana akiba, na hategemei mwajiri mmoja.

Kabla ya kulipa amana, jambo la mwisho ni kwenda kuona, au kumtuma ndugu aliye karibu, na si wakati wa kiangazi. Mwezi Januari au Februari, siku ya kazi, jioni, ndipo mji hujionyesha: maduka yaliyo wazi, basi la mwisho linaondoka saa ngapi, taa za mtaa zinawaka au la, chumba kinanuka unyevu au la. Msomaji wa Dar es Salaam asiyekuwa na ndugu huko anaweza angalau kudai picha za video za siku hiyohiyo, akague amana itawekwa mfuko gani, na akatae kutuma fedha kwa mtu ambaye hajathibitishwa. Kununua mbuzi kwenye gunia ni hatari popote, na gunia likiwa upande wa pili wa dunia, kulirudisha ni kazi ngumu zaidi.